Sweta saba na mtumbwi mmoja

Siku ya 1, Dar es Salaam

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Karume na tochi ya simu. Ukichelewa hapa unakuta makapi. Wenye maduka ya mjini hutangulia na kusimama kimya kuzunguka belo, na utepe ukikatwa, nguo za kilo 45 zilizobanwa kwa mashine huinuka zenyewe kama unga wa maandazi uliotiwa hamira. Hapo ukimya unaisha. Januari 2022 soko hili liliteketea kwa moto. Meza zilirudi, na kelele zikarudi nazo: "Chagua, chagua, buku buku!" Wanyarwanda waliuchukua mwito huohuo wakaufanya jina. Mitumba kwao ni caguwa.

Mimi si mfanyabiashara. Ni mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na likizo ya Juni naitumia kushona, kufuma na kufukua mitumba. Wanaume wanaoshona hawamshangazi mtu Dar, maana kila baraza la tatu lina mwanamume nyuma ya cherehani. Lakini mwanamume huyohuyo akishika sindano mbili za kufumia anaulizwa kama mkewe anaumwa. Sijawahi kupata maelezo ya kuridhisha.

Safari hii ina shughuli mbili. Ya kwanza ni nyuzi. Natafuta sweta za sufu halisi nizifumue, nipate uzi wa kufuma upya. Ya pili ni mtumbwi. Nimerithi kwa bibi mzaa mama Singer ya mkono, na namba yake inaanza na herufi Y, alama ya kiwanda cha Clydebank kule Uskoti, kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Haitumii bobini ya mviringo iliyozoeleka, ile inayobeba uzi wa chini. Ina bobini ndefu, nyembamba kama msumari, inayokaa ndani ya kichuma chenye ncha mbele, na kichuma hicho hupitapita chini ya sindano kama mtumbwi wa kuvusha watu. Jina lake la kifundi silijui, mimi nakiita mtumbwi. Kilipotea wakati wa kuhama nyumba. Fundi wa mtaani kwetu ameshanishauri mara tatu niuze mashine kwa wa chuma chakavu.

Karume sikupata kitu. Watu wa Dar wanasema Juni ni baridi, lakini ni baridi ya kuzima feni tu. Dada mmoja mwenye meza ya suruali alinihurumia.

"Kaka, sufu ifuate kwenye baridi. Belo la sweta likifunguliwa hapa tunakula hasara."

Siku ya 2, njiani kwenda Tanga

Chalinze, Segera, Muheza. Muheza machungwa yamepangwa mafungu kando ya barabara, na basi zima limenunua. Nimefuma soksi moja hadi kisigino. Mama aliyekaa pembeni yangu alinitazama toka Chalinze bila neno, tulipokata kona ya Segera akashindwa kuvumilia.

"Baba, mkono wako mkali. Utaivaaje hiyo? Legeza."

Nililegeza. Alikuwa sahihi, na nimefumua sentimita sita.

Siku ya 3, Tanga

Mama mkubwa anakaa Ngamiani, kwenye zile barabara zenye namba badala ya majina. Nilimwamkia, tukanywa chai ya tangawizi, na kabla sijaeleza nilichofuata alikuwa ameshafika uvunguni. Alitoka na kopo la Blue Band lililoshika kutu mdomoni.

"Vya mama yako mkubwa haviguswi. Vya bibi yako ndivyo hivi."

Tulivimwaga juu ya mkeka. Vifungo, zaidi ya mia mbili nadhani, vingine vya chaza, vingine vya plastiki iliyopauka. Zipu mbili za chuma. Kola ya shati la mwanamume, peke yake, bila shati. Niliuliza ni ya nini. Mama mkubwa akacheka mpaka akashika ubavu.

Miaka ile ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, nguo dukani ilikuwa ya foleni na mitumba ilikuwa haijafunguliwa milango. Kola ya shati ikichakaa kwenye mkunjo, bibi aliifumua kwenye mshono wa shingo, akaigeuza upande wa ndani ukawa wa nje, akairudishia. Shati likapata maisha ya pili. Kola ikichakaa pande zote mbili, alikata mpya kwenye mkia wa shati, pale panapofichwa na suruali. Babu yangu, kumbe, alikwenda kazini miaka mingi na mashati yasiyo na mkia. Siku moja upepo wa bandarini ulimchomoa shati mbele ya wenzake na siri ikatoka.

Nilikuwa nadhani kufumua nimejifunza mwenyewe.

Chini kabisa ya kopo zilikuwapo bobini mbili ndefu. Moja tupu, moja imejaa uzi wa bluu ambao bibi aliuviringisha na hakuumaliza. Mtumbwi haukuwapo. Tulitafuta tena, tukapekua hata sanduku la kanga, hakuna. Mama mkubwa alizifunga bobini kwenye kipande cha karatasi akanipa.

"Ukikosa, virudishe vyote kwangu."

Jioni nilipita kwa fundi baiskeli. Tanga bado ni mji wa baiskeli, na fundi baiskeli ndiye muuza sindano wangu. Spoku ya kawaida ina unene wa milimita mbili, kipimo kizuri sana kwa soksi na nguo za watoto wachanga. Unakata kichwa kilichopinda, unakata na upande wenye nyuzi za nati, unasugua ncha zote mbili kwa tupa, halafu kwa msasa laini, halafu unazipitisha kwenye nywele zako zishike mafuta kidogo. Wengi wa rika langu waliojifunza kufuma walianza hivyo, darasa la tatu au la nne. Nilichukua tano, maana soksi inataka nne za kushika na moja ya kufumia. Fundi alikataa hela. Aliuliza tu kama ni za mke wangu.

Siku ya 4, Tanga hadi Lushoto

Mombo joto lilinibana nikavua koti. Kutoka hapo barabara inapanda kilomita 33 hivi kwa kona tupu, maporomoko ya Soni upande mmoja na korongo upande wa pili, na kila kona inapunguza digrii moja. Tulipofika Lushoto nilikuwa nimevaa koti, sweta, na ile soksi moja mkononi kama glovu. Wajerumani walijenga mji wao huku kukimbia joto la pwani. Nimewaelewa.

Siku ya 5, Lushoto

Siku ya gulio. Kabichi, karoti, viazi, na upande wa juu turubai za mitumba. Hapa sweta ziko juu kabisa ya fungu, na bibi za watu wanazipima kwa vidole kama wanavyopima unga. Nilipata moja ya kijivu, ya mwanamume, kubwa, kwa 3,000. Lebo yake imeandikwa "100% ull." Hilo ni neno la Skandinavia. Kwa miaka mitano sasa nimejifunza neno sufu kwa lugha ambazo sitawahi kuzizungumza: Wolle ni Kijerumani, laine ni Kifaransa, lana ni Kihispania na Kiitalia, wol ni Kiholanzi. Muuzaji akiniona nasoma lebo anadhani natafuta jina la kampuni, naye anapandisha bei. Siku hizi nasoma huku nimeangalia pembeni.

Njiani kurudi gesti nilimwona mzee fundi barazani. Alikuwa anashona sare za shule kwa Butterfly ya miguu, na nyuma yake mlango ulikuwa umezuiwa upepo kwa kitu cheusi chenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Nilikijua kwa mgongo wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaptura au shati?"

"Mlango, mzee. Hilo linalozuia mlango."

Alizima mguu, akageuka, akaliangalia kama ambaye hakuliona kwa miaka. Singer, ndugu wa ya kwangu, haina mkono wala gurudumu. Alichukua bisibisi lakini hakuihitaji. Alisukuma kibati cha chini kwa dole gumba, kikateleza, akaingiza vidole viwili na kutoa mtumbwi. Una kutu kiunoni, ncha yake bado inang'aa.

Nilitaja elfu ishirini. Akatikisa kichwa. Nikapanda hadi thelathini.

"Hela nitapata kwenye sare. Hiyo sindano ninayoiona inachungulia mfukoni mwako, unajua kuitumia au umeibeba tu?"

"Naijua, mzee."

"Basi mimi kichwa kinapigwa na baridi. Nitengenezee kofia. Ifunike na masikio. Kesho asubuhi."

Hakuuliza habari za mke wangu. Huyu ndiye mtu wa kwanza.

Kazi ya usiku ikaanza. Si kila sweta linafumulika, na hili ni jambo ambalo wengi hulijua wakishalipa. Geuza sweta ndani nje, tazama mshono wa ubavuni. Ukikuta ukingo umezungushiwa uzi wa ovaloki, ujue kitambaa kilifumwa kipande kirefu halafu kikakatwa kwa mkasi, na ukifumua utapata nyuzi za urefu wa kifua kimoja, mamia ya vipande, zinafaa kujazia mto. Ukikuta pande mbili zimekutana kwa vitanzi vizima na ukingo uko safi, kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, na uzi ni mmoja mrefu. La kijivu lilikuwa safi. Mshono wa ubavu ulikuwa wa mnyororo. Ukikata upande sahihi na kuvuta, unafunguka wote mara moja kama zipu. Ukikata upande usio sahihi unakaa nao hadi alfajiri. Mara hii nilibahatisha.

Unaanzia shingoni, kwa sababu sweta nyingi hufumwa kutoka chini kwenda juu na hukubali kufumuka kwa kurudi nyuma tu. Nilipindua kiti cha gesti, nikazungushia uzi kwenye miguu yake minne. Uzi uliotoka una mawimbi kama tambi. Kikawaida nauosha, nautundika na kuufunga chupa ya maji chini unyooke, lakini usiku huo muda haukuwapo. Niliomba birika jikoni nikaupitisha kwenye mvuke. Mhudumu wa gesti alisimama mlangoni akaangalia kiti kilichopinduliwa, birika, na mimi. Akauliza kama nitalala kweli.

Kichwa cha mzee sikukipima. Kwa hiyo nilifuma mbili kwa mbili, vitanzi viwili vya mbele na viwili vya nyuma, mtindo unaojibana na kujiachia wenyewe. Vitanzi 96, kimo cha kukunja mara mbili masikioni. Nilikaza utosini saa nane na dakika ishirini usiku.

Siku ya 6, Lushoto hadi Moshi

Mzee aliivaa. Hakusema kitu. Alikwenda kwenye kioo cha dirisha la duka la jirani, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena, akarudi na mtumbwi umefungwa kwenye kipande cha sare.

Nilimwonyesha bobini ya bibi. Aliiweka ndani, akavuta uzi. Akaitoa, akaigeuza, akavuta tena. Kwa upande mmoja uzi unateleza bure, kwa upande wa pili unashika kidogo.

"Huu unaoshika. Ukikosea hapa utalaumu mashine."

Mombo, Same, Mwanga, Moshi. Nililala njia nzima, hata mlima sikuuona.

Siku ya 7, Moshi

Niliuona asubuhi, mweupe juu ya paa za bati, halafu wingu likaufunga ikawa basi. Nikaenda Memorial, soko la mitumba.

Kwa mpenzi wa sufu, Memorial ni mahali pa kuingia na hela iliyohesabiwa. Ushindani hapa ni wa aina yake. Wagumu, wale wanaobeba mizigo ya watalii kupanda Kilimanjaro, wananunua kitu kilekile ninachokitaka, na kwao si mapenzi. Usiku wa kuelekea kileleni baridi ni chini ya sifuri. Kijana mmoja alishika sweta la bluu nzito kwa upande mmoja na mimi nimeshika upande wa pili.

"Bro, unapanda lini?"

Nikamwambia sipandi, nataka kulifumua. Alinitazama kwa huruma halisi. Nililiachia. Sikuona namna ya kushindana na mguu wake kwenye barafu.

Ambapo hakuna lebo, natumia moto. Unanyofoa nyuzi mbili za ndani ya mshono, unaziwasha kando. Sufu haipendi kuwaka, inanuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kidoleni. Akriliki, ile sufu ya bandia, inayeyuka, inakuwa kishanga kigumu cheusi. Pamba inanuka karatasi. Ni kipimo kizuri lakini unahitaji kuomba ruhusa kwanza. Sikuomba. Mama mwenye meza aliona kiberiti chini ya bidhaa zake na akaniambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza. Akanikazia macho kidogo.

"Kwa hiyo unaweza kunijulisha ipi ni ya sufu na ipi siyo?"

Saa moja na nusu nilikaa kwenye kigoda nyuma ya meza yake nikichoma vinyuzi huku yeye anatenga mafungu mawili. Fungu la sufu alilipandisha bei hapohapo, mbele yangu, kutoka 2,000 hadi 5,000. Mimi aliniuzia sita kwa bei ya zamani. Sijui kama wanunuzi wengine wa sufu wa Memorial watanisamehe.

Wapo wanaosema mitumba iliua viwanda vyetu vya nguo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzinyima nafuu ya ushuru kwenye soko lake, wengine tukarudi nyuma, Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya ushuru kwa nguo inazouza Marekani. Nimepita mara nyingi nje ya kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo, nayajua malalamiko na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Halafu nashika sweta lililofumwa kwa sufu nzuri, lililotupwa na mtu wa mbali kwa sababu ya tundu moja la nondo kwenye kiwiko, na mikono yangu haingoji mjadala uishe.

Jioni gesti niliharibu bora kuliko yote. Sweta la kijani cha msitu, laini, mshono safi. Nililoweka kwenye ndoo ya bafuni nikidhani bomba ni la maji baridi. Lilikuwa la heater, moto kabisa, na mimi nikasuguasugua kwa sabuni kama nafua soksi za mpira. Sufu ikipata joto na msuguano kwa pamoja, nyuzi zake hushikana na hazirudi. Nilichotoa kwenye ndoo kinamtosha mtoto wa miaka mitatu na ni kigumu kama zulia. Halifumuliki tena milele. Nimelikalia usiku mzima nikilipigia hesabu. Linakatika bila kuchanika ukingoni, kwa hiyo litatoa malapa jozi mbili, na vishikio vya sufuria kwenye mikono.

Siku ya 8

Basi. Soksi ya pili.

Siku ya 9, Dar es Salaam

Binti yangu ana miaka minane na alikuwa ameshaifuta Singer vumbi. Niliusugua mtumbwi kiunoni kwa msasa na mafuta ya cherehani, ncha sikuigusa. Nikaweka bobini ya uzi wa bluu, nikavuta, haukushika. Nikaigeuza, ukashika. Mtumbwi uliingia mahali pake kwa mlio mdogo sana.

"Zungusha," nikamwambia. "Polepole, kuelekea mbele."

Alizungusha. Sindano ilishuka, ikapanda, ikaleta kitanzi cha bluu juu ya kipande cha kaniki. Alizungusha tena na mshono ukaanza kutembea, umenyooka, midogo, sawasawa juu na chini. Tulihesabu pamoja: thelathini, arobaini, arobaini na mbili. Hapo uzi ukakatika. Niliujaribu vidoleni ukakatika tena, kisha tena, kwa nguvu ya kukatia utando wa buibui. Uzi wa pamba ukikaa miaka arobaini ndani ya kopo huoza.

Binti aliuliza kama amevunja mashine. Nikamwambia hapana. Nilitoa bobini ile, nikairudisha kwenye karatasi ya mama mkubwa na uzi wake uliobaki, nikampa ile tupu na gurudumu la uzi mweusi mpya, nikamwonyesha pa kuanzia kuviringisha.

"Huku au huku?" akauliza.

"Jaza kwanza. Upande tutaujua ukivuta."